Mita Sita Zinazozunguka

Mume wangu hawezi kupita mbele ya nyumba ya mtu bila kuitazama mita ya umeme. Tukienda msibani, macho yake ukutani. Tukialikwa harusini, ananyoosha shingo mpaka nimvute koti. Alifanya kazi ya kusoma mita tangu akiwa kijana mwembamba hadi akawa mzee wa miwani, na miaka yote hiyo alikuwa karibu zaidi na masanduku ya ukutani kuliko na mimi. Mtaani walimwita Mkata Umeme, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Ukichelewa kulipa, anakuja na koleo lake, anakata, anasukuma karatasi chini ya mlango wako, anapanda baiskeli, huyo anakwenda zake. Alimkatia mwalimu mkuu. Alimkatia msimamizi wa harusi yetu, tena siku ambayo mke wa msimamizi alikuwa na wageni. Hakuna aliyewahi kumwona akisita.

Nayasema haya mapema ili nitakapofika kwenye upuuzi wake usidhani niliolewa na mtu legelege.

Alipostaafu alipewa kiinua mgongo chake, na tukakiweka benki kwenye akaunti ya watu wawili, sahihi yake na yangu. Hilo nililitaka mimi na sikurudi nyuma hata alipovuta mdomo. Watoto wetu wana maisha yao na mikopo yao, hawaombwi kitu. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na macho yangu yameanza kunigomea kwenye tundu la sindano. Kwa hiyo pesa ile ndiyo uzee wetu wote wawili: dawa zake za presha, miwani yangu, chakula, paa likivuja. Pesa ya namna hiyo haitolewi mara mbili. Ikipotea, tumekwisha.

Halafu kuna habari ya chumba cha uani. Tulikijenga kwa pesa ya mashati na sketi, kwa makubaliano kwamba ama tutakipangisha, ama nitaweka cherehani yangu humo niache kushonea sebuleni. Simenti haijakauka vizuri, akaingia mdogo wake mume wangu na begi moja na redio. "Ni kwa muda tu, shemeji," aliniambia. Muda huo ungekuwa mtoto, sasa angekuwa anatafuta shule ya sekondari. Si mtu mbaya, tena ni mcheshi, na ana kazi nzuri kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ila halipi kodi, halipi umeme, na taa iliyo juu ya mlango wake inawaka usiku na mchana. Mimi nashonea kwenye meza ya chakula, nyuzi zinaingia kwenye chai, na Mkata Umeme anapita chini ya taa ile kila asubuhi akienda kuoga, kimya, hata kukohoa hakohoi.

Basi siku moja akaja dalali. Kijana mwenye simu mbili na viatu vilivyochongoka, mtaani wanamwita Chapuchapu kwa sababu hajawahi kusema kitu bila kuongeza kwamba lazima kifanyike leo. Akamchukua mume wangu wakaondoka, na jioni mume wangu akarudi akiwa anang'aa uso.

"Vyumba sita," akasema kabla hajavua viatu. "Mstari mmoja, kila chumba na mita yake. Zote zinazunguka."

"Zinazunguka zinakwenda wapi?"

"Fundi, nisikilize. Nyumba tupu mita yake imelala. Nyumba yenye mtu mmoja asiyeshinda nyumbani, inajikongoja. Hizi zinakimbia. Kumejaa pale. Na bei yake ukiisikia utakaa chini."

Nilikuwa nimekaa tayari. Akaitaja bei, na kweli ilikuwa ndogo, ndogo kiasi cha kunitia wasiwasi. Akaanza kuchora kwa kidole juu ya kitambaa cha meza. Kodi ya chumba kimoja, mara sita, mara miezi ya mwaka mzima. Kwa hesabu yake, katika miaka saba pesa yetu yote ingekuwa imerudi, na baada ya hapo tungekuwa tunakula faida tumekunja nne.

Nikachukua kipande cha kitambaa cheupe kilichokuwa mbele yangu. "Hiki kinatoa mashati mangapi?"

"Mimi nitajuaje? Manne?"

"Kwa macho, manne. Ukikikata, matatu, na vinavyobaki nafutia mashine. Sasa na hiyo nyumba yako tuikate."

Tukaikata. Nikamwuliza kuhusu mabati. Nikamwuliza kuhusu shimo la choo la vyumba sita, linajaa kila baada ya muda gani na gari la kunyonya linalipwa na nani. Kodi ya jengo inayokwenda serikalini. Wakili wa kuandika mkataba. Chapuchapu mwenyewe, ambaye hafanyi kazi kwa ajili ya thawabu. Mpangaji anayehama alfajiri akaacha deni la maji. Mwezi wa kupaka rangi na mwezi wa kusubiri mwingine aingie. Kila nilipotaja kitu, kidole chake kilirudi nyuma kwenye kitambaa cha meza. Chai ilipopoa, miaka saba ilikuwa imefika kumi na mmoja, na hapo nilikuwa nimemhurumia.

"Na ukiugua ghafla?" nikamwuliza. "Pesa ikiwa benki nitaitoa. Ikiwa ukuta, nitawapelekea hospitali tofali?"

"Na ikikaa benki?" akanijibu. "Mchele ulikuwa bei gani mwaka juzi? Nyuzi zako ulinunua bei gani? Ile pesa inaliwa imekaa, mke wangu. Kila siku inaliwa."

Hapo hakukosea, na iliniudhi kwamba hakukosea. Pesa yetu ilikuwa ikipungua nguvu wakati tukiitazama. Kitu cha kuingiza kodi kila mwezi kingetufaa sana, kama ni kitu kweli. Nikaanza kukunja kile kitambaa cheupe. Yeye akadhani ameshinda.

"Hatari ya nyumba ya kupangisha ni moja tu," akasema. "Kukaa tupu. Hii haina chumba kitupu hata kimoja. Mimi mtu anaweza kunidanganya, mita haiwezi."

"Basi kwa nini anaiuza bei ya kutupa?"

"Ana shida zake."

"Shida gani?"

"Sikuuliza. Shida ya mtu ni yake."

"Huko ndani kukoje?"

Akanitazama kama vile nimeuliza jambo la ajabu. "Niingie ndani kufanya nini? Mita ziko nje."

Niliweka mkasi chini taratibu, maana nilikuwa nimeushika vibaya. Kumbe mtu mzima, baba wa watoto wangu, alikuwa tayari kutoa uzee wetu wote kwa nyumba ambayo hajavuka kizingiti chake! Tena alishamwahidi Chapuchapu kwamba Ijumaa tungekwenda benki kutoa malipo ya kwanza. Nikamwambia sahihi yangu haiendi popote mpaka miguu yangu imeingia kila chumba. Akalalamika kwamba kuingia vyumbani mwa watu si adabu. Nikamwambia adabu nitaitafuta mwenyewe nikifika.

Kesho yake tukaenda. Chapuchapu alikuwa anatungoja barabarani, simu moja sikioni.

"Mama yangu, shikamoo! Karibu sana. Ila tufanye haraka, kuna mteja mwingine anakuja saa hizi hizi na pesa mkononi."

"Marahaba. Basi mwambie atusubiri, vyumba ni sita."

Ilikuwa nyumba ndefu ya matofali, milango sita inatazama uwanja wa saruji wenye bomba moja katikati. Mabati yalikuwa yameshika kutu kwenye pembe. Ukutani kulikuwa na ufa uliozibwa kwa simenti, simenti nayo ikapasuka, ikazibwa tena. Nililipanga hilo kichwani na gharama zangu nyingine. Lakini hata nilipojumlisha yote, bei bado ilikuwa chini mno. Watu hawapunguzi bei namna ile kwa sababu ya kutu.

Mume wangu alikwenda moja kwa moja ukutani. Akasimama mbele ya zile mita sita, mikono nyuma, akizitazama kwa mapenzi ambayo sijayaona tangu kifungua mimba chetu alazwe mikononi mwake. "Ona hii," akamwambia Chapuchapu. "Ona inavyokwenda." Chapuchapu akaona, akasifu, akatazama saa.

Mimi nilikuwa na futi yangu shingoni. Huwa naisahau pale, naenda nayo sokoni, naenda nayo ibadani. Mama mmoja kijana aliyekuwa anaanika nguo akaiona.

"Mama, wewe ni fundi? Unashona sare?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Basi umeletwa na Mungu. Nina mapacha wanaanza shule na sare hawana."

Akanikaribisha ndani. Chumba kilikuwa safi, na kilikuwa na kila kitu: jokofu linanguruma, feni inazunguka juu ya kitanda kisicho na mtu, televisheni inajiongelesha, pasi imesimama kwenye meza ikiwa ya moto. Nikawapima mapacha mmoja mmoja. Mtu aliyenyoosha mikono huku anapimwa kifua hujisikia lazima aongee, na mama yake akisimama pembeni huongea zaidi. Nikamwuliza kama pale mahali ni pazuri. Akasema pazuri sana. Nikamwuliza kodi wanalipa kwa mwezi au kwa miezi mitatu mitatu.

Akacheka. "Kodi gani, mama? Mwenye nyumba ni mjomba wangu. Tumbo moja na mama."

Nilibaki nimeshika futi kiunoni kwa mtoto. "Na umeme?"

"Si analipa yeye."

"Na majirani?"

"Hao wote ni wetu. Pale mwanzo ni dada yake mkubwa. Anayefuata ni binamu yake na mkewe. Kule mwisho ni shangazi yao, mtu mzima, hasikii vizuri. Hapa hakuna mtu baki."

Nikatoka nikapiga hodi kwa binamu. Redio, jiko la umeme, birika la umeme. Nikapiga hodi kwa shangazi. Alikuwa ameketi kwenye kiti kilichojaa mito, amewasha hita ya kupasha chumba moto wakati nje jua linachoma, akanishika mkono na kunikazia macho.

"Wewe ndiye mwenye nyumba mpya?"

"Bado, shangazi."

"Huyo mtoto wa kaka yangu ametuambia kwamba mwenye nyumba mpya ndiye atakayekuja kuzungumza na sisi. Mimi nimemwambia huyo aje azungumze anavyotaka, mimi hapa sitoki."

Hakusema kwa ukali hata kidogo. Alisema kama mtu anayekwambia mvua itanyesha, kisha akanionyesha kigoda nikae. Nilimshukuru nikatoka nje, na hasira zikawa zimenipanda mpaka masikio yananivuma. Majokofu na mahita yale ndiyo yaliyokuwa yakizungusha mita za mume wangu. Zilikuwa zinakimbia kwa sababu hakuna mkazi aliyekuwa akizilipia.

Nilimkuta bado ukutani.

"Baba watoto, hiyo mita inakuonyesha nani analipa kodi?"

"Inaonyesha kuna watu."

"Watu wapo. Nimewapima. Wote ni ndugu wa muuzaji, na hakuna anayelipa senti moja, si ya kodi wala ya huo umeme unaoushangilia."

Akageuka akamtazama Chapuchapu. Chapuchapu akatazama simu zake zote mbili, bahati mbaya hakuna iliyoita.

"Mama, mimi nilisema wakazi wamejaa," akajitetea. "Sikusema wapangaji. Na hilo si tatizo. Mkishanunua mnawapa notisi, mnaweka watu wenu. Chapuchapu tu."

"Unamtoa shangazi kiziwi kwenye hita yake chapuchapu?"

"Nyinyi si ndugu zake, mama."

Ndipo nikaliona lile gari. Lilikuwa limeegeshwa upande wa pili wa barabara, vioo juu, na ndani yake bwana mmoja mwenye shati la kupigwa pasi vizuri akiifuta shingo kwa kitambaa. Nikamwuliza Chapuchapu yule ni nani, akajifanya anapiga simu. Nikavuka barabara nikagonga kioo. Kikashuka kidogo, kama vile hakikutaka.

"Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Ndiyo, mama. Karibu. Mmeipenda?"

"Mbona umekaa huku? Dada yako yuko pale mlangoni."

Akatazama usukani. Nilikuwa nimevuka barabara nikiwa na maneno makali ya kutosha gari zima, na nusu yake yakanipotea nilipomwona usoni. Hakuwa tapeli. Alikuwa mtu aliyechoka.

"Nikishuka watanikaribisha chakula," akasema. "Nikila, nitasemaje tena? Mama, nyumba hii nilijenga niishi kwa kodi yake. Wa kwanza alikuja kwa mwezi mmoja. Nikaona aibu kumwuliza. Wa pili akaona wa kwanza haulizwi. Sasa nalipa umeme wao na mimi mwenyewe nimepanga."

"Umepanga?"

"Chumba na sebule. Kodi yangu imepanda mwezi huu."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga na futi. "Kwa hiyo huuzi nyumba," nikamwambia. "Unatafuta mtu akusemee. Sisi tutoe pesa yetu ya uzee, tugeuke watu wabaya mtaani, tupelekane mahakamani na shangazi yako, ili wewe usiseme sentensi moja."

"Kwenu ingekuwa rahisi," akasema kwa sauti ya chini. "Nyinyi ni watu baki."

Kioo kikapanda. Nikarudi kwa mume wangu nikamshika mkono, na biashara ile ikaishia pale pale uwanjani. Chapuchapu alitufuata hadi kona akiteremsha bei kila baada ya mlango, na ilipofika kwenye kona ilikuwa ndogo kiasi kwamba mtu mwingine angeinunua kwa tamaa. Sahihi yangu ilibaki mkononi mwangu.

Njiani nikamsimulia mume wangu yote aliyoniambia yule bwana wa kwenye gari. Karibu na nyumbani akasafisha koo.

"Lakini mita zilikuwa zinazunguka kweli," akasema.

Nilimwomba Mungu subira na sikupewa.

Tukafungua geti letu. Ilikuwa mchana mweupe, jua utosini, shemeji yangu yuko kazini. Na pale uani, juu ya mlango wake uliofungwa, taa inawaka. Redio nayo ilikuwa ikisoma habari kwa kitanda kitupu. Nikasimama. Nikamgeuza mume wangu kwa mabega kama ninavyowageuza watoto ninapowapima mgongo, mpaka akawa ameielekea taa ile.

"Umemwona yule bwana kwenye gari?"

"Nimemwona."

"Unamtazama tena sasa hivi."

Alielewa. Najua alielewa kwa sababu aliikasirikia miwani yake, akaivua, akaifuta kwa shati, akaivaa ikiwa chafu vile vile.

"Nitamwambiaje?" akasema. "Ni mdogo wangu."

"Ndivyo alivyosema yule. Maneno hayo hayo! Wewe ulitaka kutoa pesa yetu yote ukanunue kero za ndugu wa mtu mwingine, na hapa una chumba chako mwenyewe ambacho kingekuwa kinaingiza kodi miaka yote hii, bila dalali, bila wakili. Mimi nashona nyuzi zinaingia kwenye chai. Umenichosha. Kweli umenichosha."

"Usipige kelele."

"Nani atasikia? Redio?"

Akakaa kwenye ngazi. Nikamkumbusha mwalimu mkuu. Nikamkumbusha msimamizi wa harusi yetu, aliyekatiwa umeme na chakula cha wageni kikiwa jikoni. "Wale uliwezaje?" nikamwuliza. "Ulikuwa na roho gani?"

Jibu lake sikulitegemea.

"Wale sikuwahi kuwaambia kitu," akasema. "Hakuna hata mmoja. Naandika, napitisha karatasi chini ya mlango, naondoka kabla haujafunguliwa. Ndiyo kazi ilivyokuwa. Nikisikia kitasa, naongeza mwendo." Akatazama mikono yake. "Watu walidhani mimi mkali. Mimi nilikuwa nakimbia."

Nilikuwa nimeishi na mtu yule maisha yangu yote ya utu uzima, na lile sikulijua. Ningependa kusema lilinilainisha. Lilinilainisha kidogo.

"Basi mpe karatasi," nikamwambia.

Asubuhi nikamkuta amevaa kofia yake ya kazi, ile ya buluu iliyopauka, amekaa mezani anaandika huku ameuma ulimi. Aliandika vizuri, lazima nimpe haki yake. Kwamba kuanzia mwezi ujao chumba cha uani kitalipiwa kodi, kiasi fulani, ambacho kilikuwa kidogo kuliko bei ya mtaa. Umeme juu ya anayekaa. Asiyeweza akirudishe chumba kwa amani, kwa kuwa fundi anakihitaji. Akaikunja karatasi mara mbili, akavuka uani kwa kunyata, akaisukuma chini ya mlango, kisha akarudi mbio mbio, mzee mzima, ndara moja ikamtoka njiani akaiacha. Akaketi, akashika kikombe chake kwa mikono miwili. Mimi nikaanza kukanyaga cherehani.

Mlango wa uani ukalia. Shemeji akaingia sebuleni na taulo begani na karatasi mkononi, anatabasamu kama kawaida yake.

"Shikamoo, shemeji. Kaka, hii imepitishwa mlangoni kwangu, nadhani wamekosea. Ni mambo ya kodi na umeme, hivyo itakuwa yako." Na akainyoosha ile karatasi kwa mume wangu.

Niliondoa mguu kwenye kikanyagio. Mashine ikanyamaza. Ingekuwa rahisi mno kuipokea karatasi ile. Nilimwona mume wangu akiitazama, nikaona mkono wake unaachia kikombe unaanza kunyanyuka, na nikajua kwamba akiishika tu, imekwisha: itakunjwa, itawekwa mfukoni, tutazungumzia hali ya hewa, na siku moja nitamkuta yeye mwenyewe amekaa kwenye gari upande wa pili wa barabara, anamuuzia mtu nyumba yangu. Ulimi ulikuwa unaniwasha. Nikauma uzi badala yake.

Mkono wake ukarudi kwenye kikombe.

"Si yangu," akasema. "Ni yako. Nimeiandika mimi."

Shemeji akaifungua, akaisoma tena, safari hii polepole. Tabasamu lilibaki usoni pake kwa muda kwa sababu halikuwa limepewa habari. "Kodi, kaka? Mimi?"

"Wewe."

"Mimi mdogo wako?"

"Wewe mdogo wangu." Akavua kofia akaiweka mezani. "Keti. Ukiwa na la kusema, sema, nipo. Siendi popote."

Shemeji hakuketi. Alisimama akazungusha ile karatasi, akanitazama mimi, na mimi nikamtazama pia, sikukwepa. Akasema angefikiria. Mume wangu akasema afikirie, lakini mwezi hauahirishwi. Shemeji akarudi chumbani kwake. Tukasikia redio inazimwa. Kisha, kupitia dirishani, nikaona taa iliyo juu ya mlango wake inazimika, na uwanja ukawa na mwanga wa jua peke yake.

Mume wangu naye aliiona. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuinuka kwenda kuangalia mita. Macho yalimlenga machozi, mtu aliyeutia mtaa mzima gizani bila kupepesa.

"Kumbe hata kwa ndugu inasemeka," akaniambia.

Nikamwambia anywe chai yake inapoa, na aondoe kwanza uzi uliomo.